Lango Moja, Kadi Tatu

(Mazungumzo ya redioni. Masomo: Zaburi 48:12-13; Marko 13:1-2; 2 Wakorintho 3:2-3)

  

Leo tumekuja na boksi la viatu. Ndani yake hamna viatu, mna postikadi za zamani, na zote ni za mji mmoja: Canterbury, kusini-mashariki mwa Uingereza. Tulirithishwa na padre mmoja mzee ambaye sasa amelala katika Bwana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipelekwa kusoma katika Chuo cha Mtakatifu Augustino huko Canterbury. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1848 ili kuwafundisha wamisionari, na kuanzia 1952 hadi 1967 kilikuwa chuo cha pamoja cha Waanglikana wa dunia nzima. Wenzake waliporudi kutoka Ulaya walileta suti na redio. Yeye alileta boksi la picha kuukuu. Tulikuwa tukimcheka, naye alikuwa akitabasamu tu.

Mwandishi wa Zaburi ya 48 anawaambia watu wauzunguke Sayuni, waihesabu minara yake, wazitazame ngome zake kwa makini, ili wapate la kuwasimulia watoto watakaozaliwa baadaye. Basi, mwenye kukusanya picha za mji anafanya kazi hiyo hiyo. Anahesabu minara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mji nao ni mali.

Kwanza tueleze hizi kadi zilitoka wapi. Postikadi ya kwanza duniani ilitolewa na posta ya Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 1 Oktoba 1870, Uingereza nayo ikatoa yake. Ilikuwa kadi tupu isiyo na picha, yenye stempu ya nusu peni iliyochapwa juu yake. Wengine hawakuipenda. Walisema, nani ataandika habari zake mahali ambapo tarishi na mtumishi wa nyumba wataweza kuzisoma? Lakini nusu peni ilikuwa nusu ya gharama ya barua, na maskini wakashukuru.

Mwaka 1894 posta ya Uingereza iliruhusu wachapaji kutoa kadi zao wenyewe zenye picha. Hata hivyo upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, kwa hiyo mwenye kuandika alibanana pembeni mwa picha. Mwaka 1902 sheria ikabadilishwa: nyuma ya kadi pakapigwa mstari katikati, kushoto maneno, kulia anwani na stempu. Tangu hapo postikadi zilienea kama moto wa nyikani. Katika miji mikubwa tarishi alipita mara kadhaa kwa siku, hata mtu aliweza kuandika asubuhi kwamba atafika jioni, na kadi ikamtangulia. Mambo hayo yalidumu hadi vita vya 1914. Mwaka 1918 nauli ya kadi ikapanda ikawa peni moja, na ile homa ya kadi ikapoa.

Mkusanyaji huyajua mambo haya, nayo humsaidia kujua umri wa kadi. Kadi ambayo maneno yamezunguka picha, na nyuma hakuna mstari, ni ya kabla ya 1902. Kadi yenye stempu ya nusu peni na kichwa cha Mfalme Edward wa Saba ilipita posta katika miaka ile ya kwanza ya karne ya ishirini. Lakini padre wetu alituonya. Muhuri wa posta unaonyesha siku kadi ilipotumwa, hauonyeshi siku picha ilipopigwa. Duka liliweza kuuza picha ile ile miaka mingi. Ukitaka kujua picha yenyewe ni ya lini, alisema, uache muhuri, uitazame picha.

Na katika picha za Canterbury kuna mengi ya kutazama. Iko kadi ya kanisa dogo la Mtakatifu Martin. Humo alisali Malkia Bertha, Mkristo aliyetoka nchi ya Wafaranki, kabla mumewe Mfalme Ethelbert hajaamini. Mwaka 597 Augustino alifika na wenzake, wametumwa na Papa Gregori, wakamkuta mama huyu tayari ana mahali pa sala. Watu husema Augustino ndiye aliyeleta Injili Kent, nao hawakosei, ila mama mmoja alikuwa amekwisha kupiga magoti pale.

Iko kadi ya mahali ndani ya Kanisa Kuu ambapo Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa tarehe 29 Desemba 1170 na mashujaa wanne wa Mfalme Henry wa Pili. Mfalme alikuwa amesema maneno ya hasira, nao wakayafanya maneno kuwa upanga. Mwaka 1174 mfalme huyo alikuja Canterbury, akatembea miguu mitupu hadi kanisani, akakubali kuchapwa viboko na watawa. Mwaka 1220 mabaki ya Becket yaliwekwa katika kaburi la fahari, na mahujaji wakalijia kwa zaidi ya miaka 300. Kisha mwaka 1538 Mfalme Henry wa Nane akaamuru livunjwe. Leo mahali pale pana sakafu tupu na mshumaa mmoja unaowaka.

Na ziko kadi za nyumba za wafumaji kando ya mto Stour, zinazotukumbusha Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa na nchi za jirani katika karne ya kumi na sita. Walipewa mahali pa kusalia chini ya Kanisa Kuu, nao wakasali humo kwa Kifaransa. Wakimbizi walipokewa ndani ya nyumba ya Mungu yenyewe.

Lakini leo tunataka tuweke mezani kadi tatu tu, zote za lango moja. Linaitwa Lango la Kanisa la Kristo. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, nalo ndilo mlango wa kuingilia uwanja wa Kanisa Kuu kutoka katikati ya mji. Karibu kila mchapaji wa kadi alilipiga picha. Juu ya mlango, ukutani, pana kidaka kikubwa, kama vile vidaka mnavyoviona katika nyumba za kale za Lamu. Katika kidaka hicho palikuwa na sanamu ya Kristo. Katika miaka ya 1640, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Uingereza, Waprotestanti wenye msimamo mkali waliivunja. Walikuwa watu wasomaji wa Biblia, wenye kuamini kwamba wanamtumikia Mungu. Kidaka kikabaki wazi.

Sasa tutazame kadi ya kwanza. Imepakwa rangi vizuri sana: mawe ya kahawia, anga ya samawati, wanawake wenye kofia pana. Lango halina minara, juu ni tambarare, maana minara yake miwili midogo ilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mbele yake sokoni pamesimama sanamu ya ukumbusho wa Christopher Marlowe, mwandishi wa michezo ya kuigiza, aliyezaliwa mjini humo na kubatizwa mwaka 1564. Ukumbusho huo uliwekwa pale mwaka 1891, ukahamishwa mwaka 1921. Kwa hiyo picha hii ni ya kati ya miaka hiyo. Na kidaka? Kidaka ni kitupu.

Tuigeuze. Nyuma, kwa herufi ndogo, mchapaji ameandika kwamba kadi imechapwa Saxony. Saxony ni Ujerumani! Ndiyo, wasikilizaji. Kabla ya 1914 kadi nyingi nzuri za miji ya Uingereza zilichapwa Ujerumani, kwa sababu wachapaji wa huko walikuwa hodari wa rangi kupita wengine. Hata kampuni mashuhuri ya London, Raphael Tuck na Wanawe, ilichapisha kadi zake nyingi huko, na mzee Tuck mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka Prussia. Mwingereza alipotaka kumwonyesha shangazi yake uzuri wa mji wake, alinunua kazi ya mikono ya Mjerumani. Wala hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka 1914 mataifa hayo mawili yakaingia vitani.

Kadi ya pili ni nyeusi na nyeupe. Ukumbusho wa Marlowe haupo. Mahali pake pamesimama mnara wa kuwakumbuka watu wa Canterbury waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918, uliozinduliwa mwaka 1921. Minara miwili ya lango imerudi, nayo ilijengwa upya mwaka 1937. Kwa hiyo kadi hii ni ya baada ya 1937. Mji umejenga upya minara, umewakumbuka wafu wake. Lakini kidaka bado ni kitupu.

Tukae kidogo na kadi hii, maana nyuma yake kuna jambo zito. Katika mji wa Leipzig, huko huko Saxony, palikuwa na kampuni ya Baedeker iliyochapa vitabu vya kuwaongoza watalii. Majengo bora yalitiwa nyota. Katika vita vya pili, tarehe 28 Machi 1942, usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, ndege za Uingereza zilichoma mji wa kale wa Lübeck, na kanisa kuu la mji huo likaungua. Wajerumani wakalipiza. Walipiga Exeter, Bath, Norwich na York, miji ya historia na makanisa. Ofisa mmoja wa serikali ya Ujerumani alitamka kwamba watalenga majengo yenye nyota katika kitabu cha Baedeker, na mashambulizi hayo yanaitwa kwa jina hilo hadi leo. Fikirini, ndugu zangu. Kitabu kilichoandikwa ili watu wapende uzuri kiligeuzwa orodha ya vitu vya kuharibu.

Tarehe 30 Mei 1942 ndege zaidi ya elfu moja za Uingereza ziliupiga mji wa Cologne, na mamia ya watu wakafa. Usiku uliofuata, kuamkia tarehe 1 Juni, Canterbury ikapigwa. Watu zaidi ya 40 walikufa. Mtaa wa Mtakatifu George, ambao tunao katika kadi nne, uliteketea karibu wote. Katika kanisa la Mtakatifu George, alikobatizwa Marlowe, ulibaki mnara na saa yake tu. Maktaba ya Kanisa Kuu ilibomolewa. Kanisa Kuu lenyewe lilisimama, kwa sababu walinzi wa moto walikuwa juu ya paa usiku ule, wakiyatupa chini mabomu ya moto kila yalipoanguka. Vioo vyake vya rangi vya kale vilikuwa vimekwisha kutolewa na kufichwa. Na kule Cologne, kanisa kuu la Wajerumani nalo lilibaki limesimama katikati ya majivu.

Wachapaji nao hawakupona. Nyumba ya Tuck mjini London iliungua kwa mabomu ya Wajerumani tarehe 29 Desemba 1940, siku ya kumbukumbu ya kuuawa kwa Becket. Nyumba ya Baedeker mjini Leipzig iliharibiwa na mabomu ya Waingereza mwezi Desemba 1943. Mwenye kuchapa kadi na mwenye kuchapa kitabu, wote wawili wakapoteza kumbukumbu zao motoni.

Mwanafunzi mmoja alimwonyesha Bwana Yesu mawe makubwa ya hekalu, akamwambia ayatazame. Naye akamjibu kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Kila mara tunapoitazama kadi ya Mtaa wa Mtakatifu George, yenye maduka na baiskeli na mtu anayevuka barabara, tunalikumbuka jibu hilo. Chema hakidumu.

Padre wetu aliununua mkusanyo wake katika duka la vitu vikuukuu, kadi moja moja, kwa peni chache. Kila siku alipita karibu na ule mnara wa kanisa lililoungua. Alitusimulia kwamba siku aliposoma neno Saxony nyuma ya kadi ya kwanza, alisimama barabarani akashindwa kuendelea. Aliwaza kwao. Hali ya Hatari ilikuwa imeondolewa Kenya mwaka 1960. Katika kanisa alilojua atarudi kulihudumia, benchi moja lilikaliwa na watu waliotoka vizuizini, benchi la pili na watu waliokuwa homgadi, na wajane wa pande zote mbili walikaa nyuma. Watu hao, kabla ya taabu ile, walikuwa wamejengeana nyumba na kuoleana watoto. Wao nao walikuwa wamechapiana kadi, alisema. Kisha wakachomeana.

Nyuma ya kadi ya pili aliandika kwa penseli maneno matatu: "Nafasi i wazi."

Tulimwuliza maana yake. Akasema: tazameni, waliivunja sanamu ya Kristo miaka 300 iliyopita, wakajenga minara, wakajenga makumbusho, watu wakapita chini ya kidaka kile kila siku kwenda kusali, na hakuna aliyeona kwamba Mwenye nyumba hayupo mlangoni. Sisi pia tunaweza kujenga upya kila kitu, shule, zahanati, paa la kanisa, tukaacha mahali pa Kristo pawe pametupu. Ndipo akawa anaichukua kadi ile kila alipokwenda kusuluhisha watu. Aliiweka mezani, akangoja. Wengine walisalimiana. Wengine walikufa bila kusalimiana, hatutawadanganya. Yeye mwenyewe alitwambia kwamba kulikuwa na mtu mmoja ambaye ilimchukua miaka kumi na moja kumpa mkono.

Padre akafa, boksi likaja kwetu. Tuliendelea kukusanya, maana tuliona aibu kulifunga. Ndipo kijana mmoja wa usharika aliyekwenda Uingereza kusoma akatuletea kadi ya tatu.

Ni kadi ya rangi, karatasi yake inang'aa. Lango ni lile lile. Mnara wa kumbukumbu ya vita upo. Minara miwili ipo. Lakini kidakani, ndugu zangu, Kristo yupo! Sanamu mpya ya shaba iliwekwa mwaka 1990. Tukauliza, ni nani aliyeitengeneza? Jibu ni hili: Klaus Ringwald, mchongaji Mjerumani.

Tulinyamaza kwa muda mrefu siku ile. Mji uliochomwa na Wajerumani mwaka 1942 ulimpa Mjerumani kazi ya kumrudisha Kristo mlangoni pake. Wangeweza kumpa fundi wa kwao. Na walioivunja sanamu ya kwanza hawakuwa Wajerumani, walikuwa Waingereza wenyewe, watu wa kanisa. Lile pengo lililotengenezwa na wenyeji lilizibwa na mkono wa aliyekuwa adui. Mtume Paulo anasema kwamba Kristo ndiye amani yetu, aliyebomoa ukuta uliokuwa katikati. Kadi hii inatuonyesha jambo hilo likifanyika kwa patasi na nyundo.

Mtu atauliza, Canterbury yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, ndiye aliyewaweka wakfu Festo Olang' na Obadiah Kariuki kuwa maaskofu, huko Namirembe, Uganda, mwezi Mei 1955, wakati Hali ya Hatari ingali kali. Mwaka 1970 Kenya ikawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake, na Olang' akawa wa kwanza. Wakatoliki nao wana kadi yao: tarehe 29 Mei 1982 Papa Yohane Paulo wa Pili na Askofu Mkuu Robert Runcie walisali pamoja katika Kanisa Kuu lile. Hata waliotengana tangu siku za Henry wa Nane walipiga magoti pamoja mahali alipouawa Becket.

Tumalizie kwa maneno ya Paulo kwa Wakorintho. Aliwaambia kwamba wao ni barua ya Kristo, inayojulikana na kusomwa na watu wote. Zamani tulidhani ni barua iliyofungwa katika bahasha. Sasa tunaona kwamba ni postikadi. Haina bahasha. Tarishi anaisoma, jirani anaisoma, mtoto wa nyumba anaisoma. Picha yetu ya mbele yaweza kuwa nzuri, anga ya samawati na mawe ya dhahabu, lakini watu hugeuza na kutazama nyuma. Je, wakigeuza watasoma nini? Na wakitazama juu ya mlango wetu, mahali pa Kristo patakuwa na nini?

Pengine wewe unayetusikiliza una mtu ambaye hamsalimiani. Pengine ana haki ya kukuogopa, au wewe una haki ya kumwogopa. Hatujui. Tunachoomba leo ni kidogo: ukumbuke kazi moja nzuri ya mkono wake, kabla hamjakosana. Uiweke mezani mbele yako jioni ya leo, uitazame.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, tumejenga minara na kukuacha nje ya mlango wako. Utusamehe sisi na waliotutangulia. Wakumbuke waliokufa Lübeck na Cologne, Canterbury na vijijini mwetu. Utupe moyo wa kumpokea yule uliyemchagua akurudishe kwetu, hata kama mkono wake tunaujua kwa mabaya. Uandike habari zako juu yetu wazi, mwenye kupita azisome. Amina.